Kofia ya Gari la Uskoti

Jumamosi, tarehe ishirini na mbili Novemba. Asubuhi baridi kavu. Vioo vya magari mtaani vimeganda weupe, na jirani yetu alikuwa anakwangua chake kwa kadi ya basi. Saa nne jua likatoka, dogo, halina joto, lakini lilitoka, na ni haki yake liandikwe. Jioni rasharasha.

Naandika leo leo, kabla sijaanza kuyapanga upya kichwani. Nikiliacha jambo likae siku mbili tatu, nikija kulisimulia najikuta mimi ndiye niliyekuwa na akili kuliko wenzangu wote, na mke wangu hunikatiza palepale mezani, "Mbona juzi hukusema hivyo?" Mimi nimesoma mpaka darasa la saba, Tanga, na kuandika kwangu ni kwa kujikongoja. Lakini ya leo yamenifurahisha, nami nataka yakae mahali.

Nafanya kazi katika karakana huku Thamesmead, kwenye safu ya mabanda ya bati ambayo ukipita nje huwezi kujua ndani mna nini. Tunachukua magari ya mizigo yaliyochoka tunayageuza kuwa kitu kingine. Tumeshatengeneza saluni ya mbwa. Tumeshatengeneza duka la maua, na gari la kunolea visu ambalo mwenyewe alitaka liwe na kitanda, hatukumuuliza. Mwenye karakana ni Mhindi wa Mwanza. Anaishi Queensbury, upande wa pili kabisa wa London, na kila asubuhi huingia akiilaani barabara kwa Kiswahili, kwa sababu anasema matusi ya Kigujarati ni ya nyumbani na ya Kiingereza hayashibishi. Namwita mzee, ingawa hajanizidi kwa mengi. Yeye ananiita fundi.

Mwezi wa tisa aliingia mama mmoja Mkamba, mtu wa Kitui, na gari lake la mizigo lililokuwa la mfua nguo. Kwa miaka mingi amekuwa nesi katika nyumba ya wazee, zamu za usiku. Alituambia amechoka kuona jua likichomoza akiwa anatafuta kitanda. Amepata nafasi ya kuuza chakula kule Uskoti, kwenye uwanja wa kuegesha magari chini ya mlima, mahali ambapo watu hufunga mbao miguuni wakateleza kwenye theluji, kisha wakashuka na njaa. Chai ya tangawizi, chapati, maharage, mchuzi. Msimu mzima wa baridi.

"Huko kuna watu wengi?" mzee akamuuliza.

"Wako wengi, na wote wanasikia baridi," akasema. "Mfanyabiashara anataka nini tena?"

Lakini mwenye uwanja alikuwa na sharti. Mwaka mmoja theluji ilianguka usiku kucha, na paa la gari la muuzaji mmoja likabonyea kama kopo. Hakuumia mtu, ila tangu siku hiyo hamruhusu yeyote bila barua ya injinia kuthibitisha kwamba paa litabeba theluji. Barua hiyo ilitakiwa imfikie kabla ya Jumatatu. Isipofika, nafasi anapewa muuza kahawa mmoja ambaye tayari anaingoja. Huyu mama, nami namwita dada kwa sababu ndivyo alivyotaka, alikuwa ameshaweka akiba yake yote ndani ya lile gari. Kazini bado hajaaga. Alisema wazi: barua ikipatikana, anaaga; ikikosekana, Jumatatu usiku yuko kwenye zamu.

Injinia tunaye. Ni binti wa mzee, amezaliwa hapahapa London, Stanmore, na amesoma mambo ya majengo na madaraja mpaka mwisho. Kiswahili anakisikia chote, hata kile ambacho baba yake angependa asikisikie, lakini anajibu kwa Kiingereza. Hapa nitaandika maneno yake kwa Kiswahili kama nilivyoyaelewa. Nikikosea, kosa ni langu si lake. Yeye alikuja siku ya kwanza, akapima, akatuchorea mbavu za chuma za kuongeza ndani ya paa, akatueleza kwa nini ziwe karibukaribu. Mimi nikazichomelea kama alivyochora. Hilo halikuwa na shida.

Shida ilianza alipoondoka.

Nieleze kwanza juu ya kofia. Kule kwetu, gari la bwana shamba lilikuwa na paa mbili. Chini lile paa lenyewe, na juu yake bati jingine jeupe lililoinuliwa kwa miguu mifupi, nafasi ya kiganja hivi. Jua linapiga la juu, upepo unapita katikati, na bwana shamba ndani amekaa kwenye ubaridi wake. Sisi tuliliita kofia. Gari la kazi lisilo na kofia tulikuwa tunalionea huruma, kama mtu aliyetumwa shambani saa saba mchana kichwa wazi.

Basi siku moja dada akasimama ndani ya gari lake, akapima kwa macho pale jiko litakapokaa, akasema, "Fundi, humu ndani na huo moto wa jiko nitaiva mimi kabla ya maharage."

Mzee, bila hata kuinua macho kwenye simu yake, akasema, "Mwekee kofia."

Nami nikamwekea. Nikakata bati la alumini, nikalikunja kingo, nikaliinua kwa miguu sita, nikapaka rangi nyeupe. Lilipendeza, siwezi kusema uongo. Dada alilizunguka, akalipiga picha akawatumia ndugu zake Kitui. Wakamjibu kwamba sasa hilo ni gari. Mzee akasema miaka mingi hajaona kazi safi namna ile. Nilikwenda nyumbani nikitembea kwa madaha.

Alhamisi binti wa mzee akaja kukagua. Alizunguka gari, akapanda ngazi, akachungulia chini ya bati langu.

"Anko," akasema, "hiki cha juu ni nini?"

"Kofia."

"Ya kazi gani?"

"Jua," nikasema.

Nililisema neno hilo kwa sauti, na kabla halijafika chini nikalisikia mwenyewe. Nikamtazama mzee. Mzee akamtazama dada. Dada alikuwa anatazama nje, ambako kulikuwa kunanyesha mvua ya upande upande tangu alfajiri.

"Jua la Uskoti," akasema yule binti. "Mwezi wa kumi na mbili."

"Mimi niliona sawa tu," mzee akasema.

"Baba, wewe umeishi nchi hii miaka yote."

"Nimeishi, ndiyo. Lakini gari ni gari."

Dada akaanza kucheka. Alianza kidogo kidogo, kiganja mdomoni, halafu ikabidi akae kwenye ngazi ya gari. "Watu watatu," akasema, "Tanga, Mwanza, Kitui. Tumekaa hapa tukipanga mambo ya theluji kila siku, theluji, theluji, na hakuna hata mmoja aliyeuliza hilo jua litatoka wapi."

Nikacheka na mimi, lakini yule binti hakuwa amemaliza. Aliniita juu. Akabonyeza bati kwa kidole gumba karibu na mguu mmoja wa kofia, na bati likazama kama ngozi ya ngoma mbovu.

"Theluji haitakaa kwenye paa uliloliimarisha," akaniambia. "Itakaa kwenye kofia. Uzito wote utashuka kupitia miguu hii. Na miguu hii imesimama wapi?"

Nikaona. Niliisimamisha katikati ya mbavu, kwenye bati tupu. Kwa jua, kofia haina uzito, ukiweka mguu popote inakaa. Sikufikiri zaidi ya hapo. Zile mbavu zake nzuri zote zilikuwa zimelala chini kama askari waliopangiwa zamu ya lango jingine, na mzigo ungepita kati yao ukatoboa paa sehemu sita.

Nikasema, "Nitaing'oa leo hii."

Hapa lazima niwe mwangalifu, kwa sababu ndipo ninapoweza kujipa sifa. Aliyesema tusubiri si mimi. Mimi nilikuwa nimeshaishika spana. Ni yule binti aliyekaa juu ya ngazi akaandika hesabu zake, akaniuliza jiko litawaka muda gani kwa siku, akaandika tena, halafu akasema kofia ibaki. Sababu yake ni hii. Jiko likipasha paa, theluji iliyo juu inayeyuka kutoka chini. Maji yanatiririka mpaka ukingoni, pale pasipo na joto, yanaganda, yanafanya ukingo kama wa sahani, na maji mengine yanajaa nyuma yake. Theluji iliyolowa inakuwa nzito maradufu. Lakini kofia, kwa kuwa hewa inapita chini yake, itabaki baridi. Theluji itakaa kavu juu yake, na dada anaweza kuivuta chini kwa ufagio mrefu. Sharti miguu ihamie juu ya mbavu, na mbele pazibwe, upepo usije ukasokota theluji ndani ya ule mwanya.

Kwa hiyo kofia ilifaa, lakini si kwa ajili ya lile nililoliwekea. Mtu akirusha jiwe gizani akaangusha papai, usimwite mlengaji. Nilimwambia hivyo yule binti, akasema, "Anko, papai si limeanguka?"

Ijumaa nikahamisha miguu, nikaziba mbele. Zikabaki siku mbili na jaribio moja, kwa sababu binti alisema barua hatii sahihi kabla hajaona paa limebeba.

Jaribio lenyewe lilizua ubishi. Kule Tanga, kwenye yadi nilikojifunzia kuunda bodi za malori, bodi ikiisha mafundi wote tulipanda juu na sinia la chakula, mwenye lori ameleta, tukala hukohuko. Likibeba walaji linabeba mzigo. Nikalitaja hilo. Mzee akalipenda, akasema yeye ataleta biriani. Binti yake akasema watu hawakai kama theluji. Watu hukaa pale penye kivuli na karibu na sinia.

Mzee akasema basi, mpwa wake ana duka Queensbury, atatuazima magunia ya mchele, tuyapange juu, tukimaliza yanarudi dukani, nani atajua. Binti akasema magunia nayo hayafai. Ukiyapanga karibu yanashikana mabega, yanabebana yenyewe, na paa chini linaweza kuwa limelegea wala usione. Akasema anataka maji. Maji hayashikani mabega na mtu, yanakwenda pale palipobonyea na kuongeza uzito palepale.

Basi leo asubuhi tumejenga bwawa juu ya gari. Nimekuwa fundi miaka mingi na sikuwahi kufikiri nitaandika sentensi hiyo. Tulisimamisha mbao pembeni za kofia, tukatandika turubai, tukaliweka gari juu ya magogo ili springi zisiteseke, na tukaweka jeki chini mpaka paa likalala sawa kabisa. Kisha mpira wa maji. Binti alitia alama kwenye ubao, nusu shubiri hivi kutoka chini, akasema yakifika hapo ni kama theluji mbaya ya kule mlimani.

Mzee alikuja amevaa suti. Jioni hii kuna harusi Stanmore ya jamaa zao, na alikuwa ameahidi kufika nyumbani saa tisa. Alisimama mbali na mpira wa maji akiushikilia mkoba wake wa viatu.

Dada alikuwa ndani ya gari. Hatukumtuma. Alisema gari ni lake na kama litambonyea bora limbonyee akipika, akawasha jiko akabandika maharage. Binti akasema kwa kweli joto litasaidia jaribio, ila akataka mlango wa nyuma ubaki wazi.

Maji yakapanda. Mimi nilikuwa nimepiga magoti naangalia mbavu kwa tochi kupitia mlango, na nilikuwa nasikia kila kitu: maji, na mshindo wa kifuniko cha sufuria. Yakafika kwenye alama. Binti akapima katikati kwa uzi. Paa lilikuwa limeshuka kidogo sana, kama alivyosema litashuka. Akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Sasa upepo," akasema.

Akateremsha jeki za upande mmoja kidogo, upande wa dirisha la kuuzia, na maji yote yakasogea huko. Hivyo ndivyo upepo unavyofanya, alieleza, unaisukuma theluji yote upande mmoja. Gari likanung'unika, chuma kikatoa sauti moja fupi. Tukangoja. Hakuna kilichovunjika.

"Limebeba," mzee akasema. Akaitazama saa yake.

Ndipo dada akasema kutoka ndani, kwa sauti ya kawaida tu, "Fundi, dirisha haliendi."

Nikasukuma kwa nje. Halikwenda. Lile dirisha ni kubwa, linafunguka kwa kuinuliwa juu kama kope, na sasa kope lilikuwa limebanwa. Juu yake ukingo wa ukuta ulikuwa umepinda chini, unene wa kidole, ukalishika.

Binti akatoa mchoro wake. Akautazama, akalitazama dirisha. "Kwenye mchoro wangu katikati hapa pana nguzo."

Ilikuwepo. Ngoja niseme ilikwendaje, na kila mtu achukue lake. Dada ndiye aliyetaka dirisha lipanuliwe, apate kupanga trei mbili, na ni haki yake. Mzee ndiye aliyekubali, kwenye simu, akiwa barabarani. Mimi ndiye niliyeikata nguzo. Binti wala hakuambiwa. Nimejaribu kukumbuka kama mzee aliniagiza nimwambie, au kama mimi nilidhani atamwambia yeye, maana ni mwanawe. Mzee naye anasema alidhani nitamwambia mimi, maana mchoro ninao mimi. Nadhani wote wawili tunasema kweli.

Binti akaukunja mchoro. Kisha yule binti akasema jambo ambalo nilimheshimu kwalo, kwa sababu angeweza kulificha. Alisema, "Barua inauliza kama paa litabeba. Limebeba. Naweza kutia sahihi sasa hivi na nisiwe nimesema uongo."

Mzee akasema, "Basi tia." Halafu kwa sauti ya chini, "Mama yako ataniua, saa nane hii."

Niliona kuna haki kote kote. Barua ikipatikana, dada ana nafasi yake, na theluji ya namna ile haianguki kila wiki. Na kwa upande mwingine... Nilikuwa bado niko kwenye upande mwingine dada alipotokea mlango wa nyuma, mwiko mkononi, mvuke unamfuata.

"Mimi," akasema, "siuzi paa. Sitasimama pale niwaambie watu, karibuni mwone paa langu lilivyobeba. Nauza kupitia hilo dirisha. Siku theluji ikianguka ndiyo siku watu wana njaa, na ndiyo siku dirisha halifunguki?"

Akaelekeza mwiko kwenye dirisha.

"Barua ninaitaka kuliko nyinyi wote," akasema. "Niliwaambia kazini nitawapa jibu Jumatatu. Lakini kama ni ya paa bila dirisha, heri nirudi kwa wazee wangu, angalau mlango wa kule unafunguka." Akamgeukia mzee. "Mzee, hiyo suti ni nzuri. Lakini fundi peke yake hataweza kuinua chuma."

Mzee aliweka mkoba wa viatu chini. Kisha akavua koti, akalikunja upande wa ndani nje kama wanavyofanya watu wenye makoti mazuri, akaliweka kwenye kiti cha dereva. "Mwanza," akasema, "tulikuwa na wateja wapole."

"Walikuwa wapole au hawakujua kusoma mkataba?" dada akasema.

"Yote mawili."

Tukayatoa maji yote. Dada akazima jiko, mtungi wa gesi tukautoa nje kabisa. Binti akachora pale pale, nyuma ya kifuniko cha boksi, boriti ya chuma ya kupita juu ya dirisha na nguzo mbili pembeni, na akaniuliza kama pembe ile naweza kuifikia na mashine. Nikasema sina hakika. Akasema basi tuisogeze mpaka uwe na hakika. Sikumbuki kama injinia mwingine aliwahi kuniambia hivyo, ingawa huenda waliniambia nikawa sisikii.

Mzee akashika mwisho mmoja wa chuma, suruali ya harusi imefungwa mfuko wa takataka kiunoni, mimi nikachomelea. Simu yake iliita na kuita. Mara moja aliipokea akasema kwa Kigujarati maneno ambayo binti yake alikataa kututafsiria. Dada alisimama na blanketi la kuzimia moto na kutoa maoni. Alisema mshono wangu unafanana na wa shangazi yake, imara lakini hautazamiki. Nilikubali. Nilipita juu mara ya pili, na huenda mara ya pili haikuhitajika.

Giza lilikuwa limeanza, huku saa kumi tu giza hilo, tuliporudisha maji. Gesi ikarudi, maharage yakabandikwa tena. Maji yakafika kwenye alama. Jeki zikashuka, maji yakasogea upande wa dirisha, gari likanung'unika vilevile kama mwanzo. Tukangoja zaidi ya mwanzo.

"Dada," nikasema, "jaribu."

Nilisikia kitasa. Kisha dirisha likainuka lote, taratibu, taa ya ndani ikatumwagikia usoni, na dada akawa ameegemea pale kwa viwiko vyake kana kwamba ana mwaka mzima anauzia hapo.

"Wa kwanza nani?" akauliza. "Na mpange foleni, hapa si Kitui."

Mzee akawa wa kwanza. Alipewa chai ya tangawizi kwenye kikombe cha karatasi, akainywa amesimama chini ya maji yote yale, koti begani, akasema imezidi sukari. Dada akasema haijazidi. Binti akamtuma dada afungue na kufunga dirisha tena, na tena, na tena, akipima kila mara kwa kipande cha kadi, mpaka dada akasema mkono unamuuma na wateja wanasubiri. Ndipo akaiweka karatasi kwenye boneti la gari akatia sahihi. Aliandika paa, na chini yake, bila kuombwa na mtu, akaandika dirisha.

Dada aliisoma barua yote mpaka mwisho. Kisha akatoka nje, akasimama karibu na lango, akapiga simu kazini. Sikusikiliza kwa makusudi, lakini banda letu ni la bati. Aliwashukuru sana. Alisema wamekuwa watu wema kwake. Alimwomba huyo aliyekuwa upande wa pili amsalimie mzee wa chumba cha mwisho, yule anayependa dirisha liachwe wazi kidogo, na asisahau blanketi la pili. Aliporudi ndani macho yake yalikuwa mekundu, lakini akasema ni moshi wa kuchomelea, na kwa haki moshi ulikuwepo.

Mzee na binti yake wakaondoka kwenda harusini, baba na alama ya grisi kwenye kola ambayo hakuna aliyethubutu kumwonyesha. Mimi na dada tukayamwaga maji, tukakunja turubai. Alikuwa amepika maharage ya kulisha jeshi, mara mbili jiko limewashwa, na kesho alfajiri anaondoka na barua yake. Akanijazia sufuria, akafungia chapati kwenye taulo, akaniambia nisimrudishie sufuria mpaka nije Uskoti niipeleke mwenyewe. Nilisema nitakuja. Sijui kama nitakwenda. Natamani.

Nyumbani nilimsimulia mke wangu yote, na nilipofika kwenye kofia alicheka mpaka akaweka mwiko chini. Akauliza, "Na wewe ulijibu jua?" Nikasema ndiyo. Akawasimulia watoto, nao wakacheka kwa Kiingereza. Alikuwa ameshapika wali, kwa hiyo tulikula wali kwa maharage ya dada, mchicha wa nazi uliobaki jana, na chapati zake tukazigawana moja moja. Ya mwisho tuliikata vipande, na mimi nilipata kile kidogo.